Pengwini Jenerali, Dubu Koplo

Basi namba 26 linapita Princes Street, katikati ya jiji la Edinburgh, likaelekea magharibi na kukushusha mbele ya lango la bustani ya wanyama iliyojengwa ubavuni mwa kilima cha Corstorphine. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, yale ya Uskoti ambayo hayakulowanishi mara moja lakini pia hayakomi. Nilikuwa nimekwenda kumwona mwanajeshi. Jina lake kamili ni Meja Jenerali Sir Nils Olav wa Tatu, Baroni wa Kisiwa cha Bouvet, wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme wa Norwei. Urefu wake haufiki mita moja. Ni pengwini.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi katika jiji hilo na ndiye aliyenipokea, alikuwa ameniuliza tukinywa chai: “Kaka, yaani umetoka Arusha yote ile kuja kumwona ndege?” Nikamjibu kwamba ndege ni wa njiani tu, hasa nimemfuata dubu. Akatikisa kichwa, akavaa koti, tukaondoka.

Nimekulia jirani na Tengeru, mahali ambapo jeshi moja lililokosa nchi ya kurudi liliwaacha wake, mama na watoto wake, na baadhi yao hawakuondoka tena. Mnyama wa jeshi hilo alizeekea na kufia katika bustani hii hii ya Corstorphine. Kwa hiyo nilitaka kuona kwa macho yangu maana ya mnyama kupewa namba ya jeshi, cheo na posho, na kinachompata ngoma za gwaride zikishanyamaza.

Pengwini wana uwanja wao wenye bwawa na miamba. Wengi ni wa aina ya gentoo, wadogo na wenye pilikapilika, wanaoibiana vijiwe vya kujengea viota. Pengwini wafalme ni wachache na hawana haraka. Mmoja alikuja akasimama hatua chache kutoka kwenye kioo nilipokuwa. Manyoya yake ni mafupi, yamebanana kiasi kwamba matone ya mvua yalikuwa yanateleza bila kuacha alama. Pembeni mwa kichwa ana doa la rangi ya chungwa iliyokolea, linaloshuka shingoni na kufifia kifuani likawa manjano, kisha nyeupe tupu. Alikuwa amekaa kwa visigino na mkia, vidole vya miguu vimenyanyuliwa juu ya saruji ya baridi, macho yamefumbwa nusu. Nilimuuliza mhudumu aliyekuwa akipita na ndoo ya samaki jenerali ni yupi. Akanionyesha. Hakuwa huyu wangu. Alikuwa mwingine, kando ya maji, ametupa mgongo.

Pengwini wafalme wa kwanza waliletwa hapa na familia ya Salvesen, wafanyabiashara wenye asili ya Norwei waliokaa Leith, bandari ya Edinburgh, wakati bustani ilipokuwa changa. Bustani ilifunguliwa mwaka 1913. Meli za Salvesen zilikuwa zikiwinda nyangumi kusini kabisa mwa Atlantiki, kuzunguka kisiwa cha South Georgia, na huko ndiko ndege hawa walikotolewa. Sipendi kulipita hili haraka. Uwindaji ule uliwamaliza nyangumi kwa maelfu, na pengwini walikuja Edinburgh kwa meli za kazi hiyo hiyo. Mwaka 1919 kifaranga wa pengwini mfalme akaanguliwa Corstorphine, jambo ambalo halikuwahi kuonekana upande huu wa kaskazini wa dunia, na tangu hapo Edinburgh ikawa mji wa pengwini.

Walinzi wa Mfalme wa Norwei walikuja mwaka 1961 kuonyesha gwaride kwenye Tattoo, tamasha la kijeshi linalofanyika kila Agosti mbele ya ngome ya jiji tangu mwaka 1950. Luteni mmoja wao, Nils Egelien, alivutiwa mno na pengwini hawa. Kikosi kiliporudi mwaka 1972 akafanya mpango kimchukue mmoja kuwa wao. Ndege akapewa jina la kwanza la luteni na jina la mfalme wa wakati ule, Olav wa Tano, pamoja na cheo cha chini ya koplo. Kila kikosi kiliporudi Edinburgh, kilimpandisha. Mwaka 1982 akawa koplo, mwaka 1987 akawa sajenti. Wa kwanza alipokufa, pengwini mwingine alipokea jina pamoja na utumishi wote uliotangulia, kama mjukuu anavyorithi jina la babu na kuamkiwa kwa heshima ya babu. Mwaka 2005 alifanywa kanali wa heshima wa kikosi, na sanamu yake ya shaba ikawekwa bustanini.

Tarehe 15 Agosti 2008, kwa idhini ya Mfalme Harald wa Tano, alipewa heshima ya Sir. Walinzi 130 walijipanga mistari, pengwini akapita mbele yao akiwakagua kwa mwendo wake, hati ya mfalme ikasomwa mbele ya watu, kisha upanga ukagusishwa pande zote mbili za mwili wake. Mwaka 2016 akawa brigedia. Agosti 2023 wakampa umeja jenerali na ubaroni wa Bouvet, kisiwa cha Norwei kilichofunikwa na barafu kusini mwa Atlantiki, ambako hakuna mtu anayeishi. Kipande cha alama ya cheo hufungwa kwenye bawa lake la kulia siku za sherehe.

Watu hucheka wakisikia habari hii. Dada yangu alicheka mpaka akashika uzio. Lakini hebu wafikirie wale walioko kwenye mstari. Walinzi wa Mfalme, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1856, ni vijana wa mujibu wa sheria: wengi wana miaka 19 au 20, wako kwenye mwaka wao wa lazima wa jeshi. Mimi nimepita Jeshi la Kujenga Taifa, najua umri ule unavyokuwa mbele ya afande. Unafundishwa kusimama bila kutikisika, kutoa heshima kwa cheo na si kwa sura ya aliyekivaa. Sasa unaletwa mbele ya ndege asiyejua amri yoyote, anayesimama anapotaka na kwenda anapotaka, na unampigia saluti kwa mkono ule ule unaompigia jenerali. Nadhani kijana hujifunza kitu pale ambacho hakifundishwi uwanjani: kwamba kuna kiumbe ambaye hawezi kukupa adhabu, hawezi kukupandisha, na bado umefungwa kumheshimu na kumtunza. Kifungo kiko upande wa binadamu peke yake. Pengwini hajaapa. Walioapa ni wao.

Waingereza wameliwekea jambo hili kanuni kabisa. Jeshi lao linatenganisha mnyama rasmi na mnyama anayefugwa tu kikosini. Rasmi ana namba, ana cheo, ana mwanajeshi aliyepangiwa kumhudumia, na chakula na matibabu yake vinatoka kwenye fungu la jeshi. Yule mwingine hulishwa kwa michango ya askari wenyewe. Na cheo kinashuka pia. Juni 2006, kambini Episkopi huko Kupro, beberu wa kikosi cha Royal Welsh aitwaye Billy alikataa kushika mstari kwenye gwaride la kuadhimisha kuzaliwa kwa Malkia, akataka kumpiga kichwa mpiga ngoma. Akashtakiwa, akavuliwa cheo kwa miezi mitatu, na askari wa chini wakawa hawalazimiki tena kusimama wima akipita. Kikosi cha Uskoti kina farasi mdogo wa Shetland aitwaye Cruachan, wa nne kwa jina hilo. Wa kwanza alitolewa zawadi na Binti Mfalme Louise mwaka 1928. Huyu wa nne ndiye aliyenyoosha shingo kula shada la maua la Malkia Elizabeth alipotembelea Stirling mwaka 2017. Mambo ya namna hii hujaza magazeti, na sina haja ya kuyarefusha.

Tulirudi mjini, tukapanda ngomeni.

Ngome ya Edinburgh imekaa juu ya mwamba mweusi wa volkano, na ukifika karibu na kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, jengo la zamani kuliko yote mjini, ukiinama kwenye ukuta utaona chini yako kibustani kilichojibanza kwenye ukingo wa mwamba. Wageni hawaruhusiwi kushuka. Kuna nyasi, maua kidogo, na safu ya mawe madogo ya kaburi. Wamezikwa mbwa wa vikosi na wa maofisa, tangu enzi za Malkia Victoria. Mmoja ni Jess, aliyekuwa mbwa wa bendi ya kikosi cha 42 cha Royal Highlanders, aliyekufa mwaka 1881. Mwingine ni Dobbler, aliyewafuata Argyll and Sutherland Highlanders kwa miaka tisa, China, Sri Lanka na Afrika Kusini, mpaka alipokufa mwaka 1893.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko dada alivyotaka. Vikosi hivyo vilizunguka dunia kupigania dola, na katika nchi nyingi walizopita wenyeji waliouawa hawakupata hata jiwe. Hilo liko moyoni mwangu, siwezi kuliweka kando kwa sababu ya uzuri wa kibustani. Lakini pia siwezi kumlaumu Dobbler. Kuna askari aliyekumbuka jina lake, akatafuta nafasi kwenye mwamba ambako hata watu hawana nafasi, akalipa fundi wa kuchonga. Ahadi ilitimizwa.

Ndani ya ngome hiyo hiyo, katika makumbusho ya vita, kuna kabati la kioo lenye ushahidi wa ahadi ambayo haikutimizwa. Miaka ya 1830 kikosi cha 78 cha Highlanders kilirudi kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na tembo. Alitembea mbele ya kikosi kwenye magwaride. Askari walimzoesha bia, akawa anapenyeza mkonga kwenye dirisha la kantini kuomba. Kwenye baridi ile, bila tembo mwenzake, akinyweshwa pombe ili watu wafurahi. Kilichoonyeshwa kwenye kabati ni vidole vya miguu yake. Sisi tunaotoka nchi za tembo tunajua jinsi tembo anavyoishi na mama, dada na shangazi, jinsi anavyougusa kwa mkonga mfupa wa aliyekufa. Nilitazama vile vidole nikaona aibu kwa niaba ya waliomleta. Tembo yule alikuwa pambo la gwaride, na pambo halina ndugu.

Bustani ya Princes Street iko chini ya ngome, bondeni, na upande wake wa magharibi ndipo aliposimama niliyemfuata. Sanamu ni ya shaba, kazi ya Alan Beattie Herriot, ikazinduliwa Novemba 2015. Dubu mkubwa anatembea kwa miguu minne, na kando yake anatembea askari wa Poland aliyevaa sare za vita, mkono umelala juu ya mgongo wa mnyama. Hakuna mnyororo wala kamba. Wanakwenda sambamba. Shaba ya pua imeng'aa kwa kupapaswa na watoto. Ukipitisha kiganja kwenye bega lake unahisi manyoya yaliyochongwa mafungu mafungu, na mvua ikiwa imetulia kwenye mifereji yake. Jina lake Wojtek.

Habari yake inaanza mbali. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Familia za mashariki zikatolewa majumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan kukata magogo na kufa njaa. Wajerumani walipoigeukia Urusi mwaka 1941, Stalin akakubali Wapolandi hao waachiwe na wajenge jeshi chini ya Jenerali Władysław Anders, ambaye mwenyewe alitolewa gerezani. Mwaka 1942 jeshi hilo likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Uajemi, na nyuma yake wanawake, wazee na watoto waliokonda. Kwa jumla walivuka zaidi ya watu laki moja.

Ni huko Uajemi, karibu na Hamadan, Aprili 1942, walipomkuta kijana mwenyeji amebeba mtoto wa dubu ambaye mama yake alikuwa ameuawa na wawindaji. Wakamnunua. Alikuwa mdogo kiasi kwamba kumeza kulikuwa shida, wakamnywesha maziwa ya kopo yaliyozimuliwa kwa maji, kutoka kwenye chupa tupu ya vodka. Agosti mwaka huo alikabidhiwa kwa kampuni ya usafirishaji ya jeshi, ambayo baadaye iliitwa Kampuni ya 22 ya Ugavi wa Mizinga. Alilala hemani na askari. Alijifunza mieleka, alijifunza kusalimu, alipenda bia, na sigara alizitafuna.

Na ni huko huko Uajemi njia zilipogawanyika. Wanaume, na dubu wao, walielekea Iraq, Palestina na Misri. Wanawake na watoto walipandishwa meli, wengine kwenda India, na maelfu wakaletwa kwetu. Uganda waliwekwa Koja na Masindi. Tanganyika waliwekwa Kondoa, Ifunda, Kidugala, Morogoro, na Tengeru, ambayo ilikuwa kubwa kuliko zote, watu wapatao 5,000. Walijengewa vijumba vya mviringo vilivyoezekwa kwa nyasi, chini ya Mlima Meru, karibu na Ziwa Duluti. Wakaanzisha shule, kanisa, hospitali na mashamba. Watoto waliotoka kwenye theluji ya Siberia walikua wakila ndizi za Wameru. Bibi yangu mzaa baba aliwakumbuka wakija kununua mayai, akisema walikuwa wembamba na walikuwa na adabu.

Nilipokuwa mdogo tulipita nje ya makaburi yao tukienda kwa mjomba. Misalaba imejipanga, majina marefu yenye herufi tusizozijua, na mingine ni ya watoto wadogo. Tuliambiwa ni makaburi ya Wapolandi na ikaishia hapo. Sikuwahi kuuliza baba zao walikuwa wapi. Wengi wa baba hao, na kaka zao, walikuwa kwenye jeshi la Anders, na jeshi hilo lilikuwa na dubu.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 jeshi lilitakiwa kuvuka kutoka Misri kwenda Italia. Bandarini Waingereza hawakuruhusu mnyama wa kufugwa kupanda meli ya jeshi. Basi Wapolandi wakamwandikisha. Wojtek akawa askari wa daraja la chini, jina lake likaingia kwenye orodha ya kampuni, akawa na namba na kitabu cha malipo, na posho yake ya chakula ikawa haki yake. Akapanda meli kama wenzake. Watu hulisimulia tendo hili kama ujanja wa bandarini, nami sikatai kwamba ujanja ulikuwepo. Ila wale walikuwa watu waliofutwa kwenye kila orodha. Nchi yao ilifutwa kwenye ramani, nyumba zao ziligawiwa wengine, Urusi iliwaita wahalifu. Mtu aliyekwisha kufutwa namna hiyo akiamua kuandika jina la kiumbe kwenye daftari lake, anajua uzito wa anachoandika.

Mei 1944 walikuwa Monte Cassino, mlima wenye nyumba ya watawa iliyobomolewa kwa mabomu, ambako majeshi ya Washirika yalikuwa yamejaribu tangu Januari na kurudishwa. Kampuni ya 22 ilikuwa inapeleka makombora kwenye mizinga usiku na mchana. Wenzake walisimulia kwamba dubu, alipowaona wakibeba masanduku, alisimama kwa miguu ya nyuma akanyoosha mikono, akapewa sanduku, akalipeleka. Baada ya hapo kampuni ikabadilisha alama yake: dubu aliyekumbatia kombora, ikachorwa kwenye magari na kushonwa kwenye mikono ya sare. Tarehe 18 Mei bendera ya Poland ikapandishwa juu ya magofu. Wojtek alipandishwa kuwa koplo.

Walishinda vita na wakapoteza nchi. Wakubwa walipokutana Yalta, Februari 1945, Poland iliachwa mikononi mwa Stalin, na mashariki yake, kule hasa walikotoka wengi wa askari hawa, ikawa sehemu ya Urusi ya Kisovieti. Kurudi kulikuwa kujirudisha Siberia. Kampuni ya 22 ikaletwa Uskoti, ikawekwa kambi ya Winfield, mashambani Berwickshire, karibu na mpaka wa Uingereza. Wojtek akawa maarufu pale. Kisha jeshi likavunjwa. Askari wakawa vibarua wa mashamba, wachimba makaa, waoka mikate, kila mmoja na sanduku lake, wengi wakilala kwenye vyumba vya kupanga. Tarehe 15 Novemba 1947 walimpeleka dubu wao Corstorphine na kumwacha.

Tukiwa pale kwenye sanamu dada yangu, ambaye asubuhi alikuwa amecheka, aliuliza kwa ukali: “Sasa hao si walimtelekeza?” Swali hilo ndilo lililonifanya nipande ndege. Nimelizungusha miaka mingi, na jibu langu ni hapana, hawakumtelekeza. Asiye na nyumba atamfuga wapi dubu wa zaidi ya kilo 200? Wangeweza kumpiga risasi, na majeshi yamewahi kufanya hivyo kwa wanyama wao. Walimtafutia mahali pa kula na daktari wa kumtibu. Na walikuja. Walisimama kwenye uzio wakamwita kwa Kipolandi, naye akainua kichwa, akawapungia mkono akiomba sigara. Baadhi yao waliruka ule uzio wakaingia kucheza naye mieleka kama zamani, mbele ya wageni walioshika vinywa. Hata hivyo sitapamba. Alikuwa amezoea kulala kati ya watu hemani, na alimalizia miaka kumi na sita nyuma ya kizuizi, bila wenzake usiku. Waliomjua walisema kadiri alivyozeeka alipunguza kujibu. Alikufa tarehe 2 Desemba 1963, akiwa na miaka 21. Jiji lilikaa zaidi ya nusu karne kabla ya kumwekea shaba hii, na nilipofika nililihesabu kuwa deni lililochelewa kulipwa.

Kwa mizani hiyo, wa kulaumiwa wako juu zaidi ya askari. Serikali zilizoikubali kazi ya jeshi lile Monte Cassino ndizo zilizoliacha bila nyumba, dubu pamoja na watu. Kambi ya Tengeru nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Waliokuwa na ndugu Uingereza walikwenda huko, wengine Kanada, wengine Australia, na wachache walibaki Tanganyika moja kwa moja. Wapo mabinti waliowakuta baba zao Uskoti baada ya miaka kumi na hawakuwatambua. Pengine baadhi walipelekwa Corstorphine Jumapili kumwona koplo.

Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka, walikuja kijana na mwenzake wa kike, wanazungumza Kipolandi. Mwanamke alimpiga busu dubu kwenye pua iliyong'aa, wakapiga picha, kisha akaniomba niwapige ya pamoja. Nilipomrudishia simu nilimwambia natoka Tanzania, kijijini kwetu kuna Wapolandi wa jeshi hili. Alidhani namaanisha watalii. Nikamweleza: Tengeru, mwaka 1942, wake na watoto, wale waliogawanyika Uajemi. Alinyamaza kidogo, akamfasiria mwenzake, wakaanza kuuliza kwa pamoja. Makaburi yapo? Yanatunzwa? Mtu anaruhusiwa kuingia?

Nikamwambia yapo, na yamezungushiwa ukuta, na yuko anayeyatunza. Yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Ukifika Arusha mjini panda daladala za njia ya Moshi zinazokwenda Usa River, mwambie konda akushushe Tengeru, halafu bodaboda yeyote ukimtajia makaburi ya Wapolandi atakupeleka bila kuuliza mara mbili. Usije siku ya Jumamosi ukiwa na haraka, maana ni siku ya soko na barabara hujaa ndizi na watu. Alikuwa anaandika kwenye simu, na akaniuliza kama Aprili ni mwezi mzuri. Aprili ni masika, nikamwambia, matope matupu. Njoo Julai kukiwa na baridi, au njoo siku yenu ya kuwawashia wafu mishumaa.

“Novemba mosi,” alisema papo hapo.

Nikampa namba yangu.